Reply All: Miaka Saba na Ushei

Kila aliyewahi kufungua tovuti akarukiwa usoni na tangazo ambalo hakuliita ana kesi ya zamani na Ethan Zuckerman, hata kama hajawahi kulisikia jina lake. Katika miaka ya 1990 Zuckerman aliandika programu katika kampuni ya Tripod huko Marekani. Siku moja kampuni ya magari ikaja juu: tangazo lake lilikuwa limeonekana kwenye ukurasa wa mambo ya chumbani. Zuckerman akatafuta njia ya kulitenga tangazo na ukurasa, lijifungulie dirisha lake, lisije likadhaniwa ni ndugu wa yale yaliyoandikwa jirani. Alikusudia kuondoa aibu ya mteja mmoja, na dunia nzima ikapata kero. Mwaka 2014 aliandika makala akaomba radhi, na kabla mwaka haujaisha vijana wawili wa New York wakamtafuta, wakamuuliza taratibu ilikuwaje.

(Wasomaji wa Kiswahili wana sababu njema zaidi ya kumkumbuka Zuckerman. Ni mmoja wa waasisi wawili wa Global Voices, mtandao wa waandishi wa kiraia ambao habari zake zimekuwa zikitafsiriwa pia kwa lugha yetu.)

Vijana hao ni PJ Vogt na Alex Goldman, na podikasti yao, Reply All, ndiyo kwanza ilikuwa na wiki chache tangu ianze Novemba 2014. Kipindi kile cha Zuckerman kilikuwa miongoni mwa vya mwanzo kabisa, na ukikisikiliza leo utaona kila kitu kilikwisha kuwamo: kero ya mtandaoni ambayo kila mtu anaijua, binadamu mmoja nyuma yake ambaye hakuna anayemjua, na watangazaji wasio na haraka ya kumhukumu. Kwa miaka saba na ushei hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yao. Walichukua magomvi, utapeli, uzushi na vituko vya intaneti wakavirudisha katika saizi ya mtu. Halafu nao wakawa ugomvi.

Jina lilitokana na kitufe cha barua pepe kinachomjibu kila mtu kwa mpigo. Aliyefanya kazi ofisini anakifahamu kwa mikosi yake: mtu anamsengenya bosi kwa rafiki, kidole kinateleza, na kabla chai haijapoa jengo zima limeshasoma. Kwa podikasti ya aina ile, jina bora kuliko hilo lisingepatikana.

Vogt na Goldman walitoka katika redio ya umma. Walikuwa wakifanya kazi WNYC ya New York, katika kipindi cha On the Media kinachochambua vyombo vya habari, na ndani yake wakaanzisha kijipodikasti cha mambo ya intaneti kilichoitwa TLDR. Aliyewatoa huko ni Alex Blumberg, mzee wa kazi hiyo, aliyetengeneza vipindi vya This American Life na kushiriki kuanzisha Planet Money mwaka 2008. Mwaka 2014 Blumberg aliacha ajira akaamua kufungua kampuni ya podikasti, na alichofanya baada ya hapo hakikuwa cha kawaida. Alirekodi kila hatua. Alijirekodi akibabaika mbele ya mwekezaji Chris Sacca, akishindwa kueleza kampuni yake itatengeneza pesa vipi. Alijirekodi akivutana na mshirika wake, Matthew Lieber, juu ya nani apate hisa ngapi. Yote hayo aliyatoa hadharani katika podikasti iliyoitwa StartUp, na wasikilizaji wakaipenda kiasi kwamba baadhi yao walichangia mtaji. Kampuni ikaitwa Gimlet Media, makao yake Brooklyn, na Reply All ikawa podikasti yake ya pili.

Hilo la kujirekodi ni la kuwekwa akilini. Gimlet ilijijengea jina kwa kuanika udhaifu wake. Mwaka 2015 StartUp ilitoa hata kipindi kuhusu weupe wa kampuni yenyewe, jinsi ofisi ilivyojaa Wazungu na jinsi wafanyakazi wasio Wazungu walivyojisikia ndani yake. Wasikilizaji tulivutiwa. Tulisema hawa ni wakweli. Hatukujiuliza kama kukiri kosa mbele ya kipaza sauti, tena kati ya tangazo na tangazo, ni sawa na kulirekebisha.

Wakati nao ulikuwa mzuri kwa biashara hiyo. Mwezi mmoja kabla Reply All haijaanza, This American Life ilizindua Serial, simulizi ya kesi ya mauaji ya Baltimore iliyowafanya watu ambao hawajawahi kutamka neno podikasti waanze kubishana juu yake kazini. Upande wa pili, mtandao wenyewe ulikuwa umechafuka. Agosti 2014 ilianza ghasia iliyoitwa Gamergate, iliyojitia kupigania maadili ya uandishi wa habari za michezo ya kompyuta na kumbe ilikuwa ikiwaandama wanawake, akina Zoë Quinn na Anita Sarkeesian, kwa matusi na vitisho vya kuuawa. Oktoba mwaka huo Sarkeesian alifuta mhadhara wake katika Chuo Kikuu cha Utah State baada ya kutolewa tishio la kufyatuliwa risasi. Magazeti makubwa hayakujua hata pa kuanzia kuyaeleza hayo. Wahariri wake walikuwa wasomi wa siasa na uchumi. Lugha ya vijana wa mtandaoni ilikuwa kwao kama Kichina. Pengo lilikuwepo, na Reply All ikaliziba.

Iliziba kwa kicheko kwanza. Sehemu iliyopendwa kuliko zote iliitwa Yes Yes No. Blumberg, ambaye ndiye bosi, aliingia studio na twiti aliyoiona ikichekwa na watu asielewe wanachekea nini. Anaisoma kwa sauti. Anamuuliza Goldman: umeielewa? Ndiyo. Vogt je? Ndiyo. Na wewe bosi? Hapana. Basi vijana wanaanza kumfungulia, neno kwa neno, mzaha ndani ya mzaha, mpaka mwisho wanaulizana tena na majibu yote matatu ni ndiyo. Watu wa barazani wangeutambua mtindo huo mara moja, isipokuwa hapa mambo yamepinduliwa: mtu mzima ndiye anayefundishwa, na hana aibu.

Kicheko hicho kilikuwa na mkia. Mwaka 2016 twiti ya Blumberg ilihusu chura Pepe. Msanii Matt Furie alimchora Pepe mwaka 2005 katika katuni ya vijana wavivu wanaokaa nyumba moja, na chura mwenyewe hakuwa na ubaya wowote. Akapita mikononi mwa wapiga soga wa jukwaa la 4chan, kisha akapita mikononi mwa wabaguzi wa rangi, na ilipofika Septemba 2016 shirika la Anti-Defamation League lilimwingiza katika orodha ya alama za chuki. Ili kueleza twiti moja, Vogt na Goldman walilazimika kueleza jinsi utani unavyotumika kama ngao: mbaguzi anasema neno lake, ukikasirika anakuambia hujui mzaha. Uchaguzi wa Marekani ulikuwa miezi miwili mbele. Sijui uchambuzi wa kisiasa wa mwaka ule ulioeleza jambo hilo vizuri zaidi ya kile kipindi cha vichekesho.

Na Januari 2017, Donald Trump alipokuwa akiingia Ikulu, hawakumgusa moja kwa moja. Walirudi nyuma karibu miaka mia hadi kijiji cha Milford, Kansas, kwa John R. Brinkley, aliyejiita daktari na kuwapandikizia wanaume korodani za mbuzi akiwaahidi kuwarudishia nguvu za kiume. Brinkley alikuwa na kituo chake cha redio, KFKB, na humo alihubiri, akapiga muziki wa mashambani, akawajibu wagonjwa na kuwauzia dawa bila kuwaona. Mwaka 1930 alinyang'anywa leseni ya redio, naye akajibu kwa kugombea ugavana wa Kansas, akakaribia kushinda ingawa jina lake halikuwa hata kwenye karatasi ya kura. Akahamia mpakani na Mexico, akajenga mtambo wenye nguvu kubwa ajabu, akaendelea kuwarushia Wamarekani sauti yake kutoka nchi ya watu. Kilichomwangusha ni kesi aliyoifungua mwenyewe akidai kukashifiwa. Akashindwa mwaka 1939. Kipindi kizima hakikumlinganisha na mtu yeyote aliye hai. Hakukuwa na haja.

Mimi binafsi niliingia kwa mlango mwingine. Nilikuwa kwenye foleni ya Ubungo, mwaka 2017, rafiki akanitumia vipindi viwili vinavyoitwa Long Distance. Goldman amepigiwa simu na mtu anayejitambulisha kuwa wa huduma kwa wateja, anamwambia akaunti yake ya iCloud imedukuliwa na inabidi alipe ili isafishwe. Kwetu hapa, ambako ujumbe wa «ile pesa tuma kwa namba hii» umeshakuwa utani wa taifa, ungetukana ukakata. Goldman hakukata. Alijifanya mjinga, akarekodi, akapiga tena, akapiga tena. Yule tapeli naye, ajabu ya binadamu, akaanza kupiga soga. Wakazoeana. Wakataniana. Goldman akafuatilia namba na kampuni hadi zikampeleka Delhi, na mwishoni akapanda ndege kwenda India kuitafuta ofisi yenyewe.

Nakumbuka daladala iliyokuwa mbele yetu ilisogea na sisi hatukusogea, kwa sababu dereva wangu naye alikuwa akisikiliza, nikimtafsiria. Aliuliza swali moja ambalo hata Goldman hakuliuliza vizuri: «Sasa huyo tapeli analipwa shilingi ngapi?» Kipindi kinaonyesha kwamba kupiga zile simu kulikuwa ni ajira, na ajira yenye zamu, viti, mameneja na vijana waliosoma wasiopata kazi nyingine. Hakikuwasafisha. Kiliwapa sura tu, na mtu akishakuwa na sura kumchukia kunakuwa kazi.

Katika ubora wake podikasti hii ilikuwa na tabia ya kuchukua swali dogo na kulichimba kupita kiasi. Mwaka 2018, kwa vipindi viwili vilivyoitwa The Crime Machine, Vogt alimfuata Jack Maple, askari wa treni za New York aliyebandika ukutani ramani za uhalifu na kuzichorea alama moja baada ya nyingine. Kutoka katika ramani hizo ulizaliwa mfumo wa polisi wa CompStat mwaka 1994. Baadaye takwimu zilizoundwa kuwasaidia askari zikageuka bwana wao, wakawa wanakamata watu ili kujaza hesabu. Na Machi 2020, dunia ikijifungia ndani kwa hofu ya korona, kikatoka The Case of the Missing Hit. Mtengenezaji filamu Tyler Gillett anaukumbuka wimbo wa utotoni, maneno yake, ala zake, hata mpangilio wake, lakini intaneti nzima haina habari nao.  Vogt akakodi wanamuziki, wakaingia studio, wakautengeneza upya wimbo huo kutoka kichwani mwa Gillett, kipande kwa kipande, ili wapate kitu cha kuwasikilizisha wataalamu. Mwisho ulipatikana: ni So Much Better, wa Evan Olson. Ukiusikia wimbo wa kweli baada ya ule wa kuigiza, nywele zinakusimama, maana zimefanana mno.

Watu wamekiita kipindi bora katika historia ya podikasti. Labda. Mimi bado nasimama na Long Distance.

Muziki wa kufungulia kila kipindi ulikuwa wa mtu anayejiita Breakmaster Cylinder, ambaye uso wake haukuonyeshwa. Hilo halina uzito katika historia hii, lakini walioipenda Reply All watanikasirikia nisipomtaja.

Februari 2019 Spotify ilitangaza kuinunua Gimlet, kwa bei iliyoripotiwa kuwa karibu dola milioni 230. Kampuni iliyoanza na mtu anayebabaika mbele ya mwekezaji mmoja sasa ilikuwa mali ya kampuni ya Sweden inayoshindana na Apple. StartUp ilirekodi hata hilo. Mwezi uliofuata, Machi 2019, wafanyakazi walitangaza kwamba wanaunda chama chini ya Writers Guild of America, tawi la Mashariki. Sababu si ngumu kuelewa. Waasisi walikuwa wametajirika. Watayarishaji wa kawaida, wakiwamo waliochoka kusikia kampuni ikikiri weupe wake bila kubadilika, walitaka mkataba. Wapo waliounga mkono na wapo waliopinga. Miongoni mwa waliopinga walikuwa Vogt na Sruthi Pinnamaneni, mwandishi hodari wa Reply All. Wasikilizaji hatukulijua hilo. Kipaza sauti kilichozoea kurekodi kila kitu hakikuwepo kwenye mazungumzo hayo, au kama kilikuwepo, sauti zake hazikutufikia.

Kwa miaka miwili kazi iliendelea, na iliendelea vizuri. Septemba 2020 walitoa Country of Liars, wakijaribu kujibu swali ambalo mashirika makubwa ya habari yalilizungukazunguka: nani anayeandika ujumbe wa Q, yule nabii asiye na jina ambaye tangu Oktoba 2017 alikuwa akiwaahidi mamilioni ya Wamarekani kwamba Trump yuko katika vita vya siri dhidi ya genge la waovu? Mtu wao mkuu alikuwa Fredrick Brennan, aliyeanzisha jukwaa la 8chan mwaka 2013, akahamia Ufilipino, akaliachia mikononi mwa Jim Watkins na mwanawe Ron, kisha akatumia nguvu zake zote kulipiga vita baada ya wauaji wa Christchurch na El Paso kubandika humo maandishi yao mwaka 2019. Hoja ya kipindi ni kwamba Q hakuwa mmoja. Alianza kwa mkono fulani, na baadaye mkono mwingine ukashika kalamu, na mkono huo ulikuwa karibu sana na mmiliki wa jukwaa. Februari 2022 gazeti la New York Times lilichapisha uchambuzi wa lugha wa timu mbili za wataalamu, ambao ulielekeza kwa Ron Watkins na, kabla yake, kwa Paul Furber wa Afrika Kusini. Wote wawili walikana. Kwa sisi tuliomo katika bara hili kuna kitu cha kutafakari: uzushi uliotikisa siasa za Washington unadhaniwa kuwa umepitia Johannesburg na Manila.

Septemba hiyohiyo ya 2020 au hapo karibu, Emmanuel Dzotsi alijiunga kama mtangazaji wa tatu. Alikuwa ameshiriki na Sarah Koenig katika msimu wa tatu wa Serial, ule wa mahakama za Cleveland, na alikuwa Mweusi wa kwanza kukaa kwenye kile kiti. Baada ya miezi minne mitano hivi nyumba ikamwangukia.

Mfululizo ulioiangusha uliitwa The Test Kitchen, na ulipangwa uwe na sehemu nne. Pinnamaneni alikuwa amefuatilia kwa miezi kisa cha jarida la mapishi la Bon Appétit, la kampuni ya Condé Nast. Juni 2020, wakati Marekani ikiandamana kwa kuuawa kwa George Floyd, mwandishi Tammie Teclemariam alisambaza picha ya zamani ya mhariri mkuu Adam Rapoport akiwa amejivisha sura ya kejeli dhidi ya Wapuerto Rico. Siku hiyohiyo Sohla El-Waylly, mmoja wa nyota wa video za jarida hilo, alisema hadharani kwamba Wazungu ndio waliokuwa wakilipwa kwa kuonekana kwenye video. Rapoport akajiuzulu. Pinnamaneni alitaka kwenda chini zaidi ya ile picha: miaka kumi ya wafanyakazi wasio Wazungu, namna walivyodharauliwa kidogo kidogo, mawazo yao yalivyotupwa, jinsi ukimya wa waliopendelewa ulivyowalinda waliotenda. Aliwasikiliza tu wasio Wazungu, kwa makusudi. Sehemu mbili za kwanza zilitoka mwanzoni mwa Februari 2021 na zilikuwa, nasema bila kusita, kazi nzuri.

Tarehe 16 Februari Eric Eddings aliandika uzi mrefu kwenye Twitter. Eddings alikuwa mfanyakazi wa zamani wa Gimlet, mtangazaji wa The Nod pamoja na Brittany Luse, podikasti ya maisha na utamaduni wa Weusi. Alisema yanayosimuliwa juu ya Bon Appétit ndiyo aliyoyaishi yeye Gimlet. Alimtaja Pinnamaneni na alimtaja Vogt. Alieleza uhasama wao kwa chama cha wafanyakazi, chama ambacho kwa Weusi wa pale kilikuwa ni njia ya kupata nafasi na heshima. Hakuwa akisema hadithi ya Bon Appétit ni ya uongo. Alikuwa akiuliza inakuwaje isimuliwe na hao.

Kesho yake Vogt na Pinnamaneni waliomba radhi hadharani wakajitoa. Siku chache baadaye Goldman, kwa sauti ya mtu ambaye hajalala, aliwaambia wasikilizaji kwamba mfululizo umesimamishwa na kwamba haukupaswa kuanza kabla ya wao kuitazama nyumba yao.

Ni rahisi hapa kutoa ile methali ya mganga asiyejiganga na kufunga daftari. Lakini Gimlet ilikuwa imejiganga miaka sita kabla, mbele ya watu, na ikalipwa sifa. Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema Reply All iliponzwa na unafiki. Iliponzwa na imani kwamba kusimulia ni kutenda. Kile kipindi cha StartUp cha 2015 kilimpa kila mtu pale ofisini hisia kwamba jambo limeshashughulikiwa, na wafanyakazi walipokuja na kitu kisichofaa kuwa kipindi, yaani chama, mkataba na viwango vya mishahara, wasimulizi wakuu walikiona kama usumbufu.

Sikubaliani pia na upande wa pili, uliosherehekea. Wapo waliosema podikasti ile ilikuwa imeendekeza mambo ya haki na rangi, na sasa imeliwa na moto wake yenyewe. Hao hawakumsoma Eddings. Hakudai mfululizo usimamishwe kwa kuwa umezungumzia rangi. Malalamiko yake yalihusu kazi, nani ananufaika na nani anazuiwa. Ukiuondoa ugomvi wa Twitter, unabaki mgogoro wa ajira ambao mfanyakazi wa bandarini Mombasa angeuelewa bila mkalimani.

Kilichonisikitisha ni jinsi mtandao ulivyokifanyia kisa hiki kile ambacho Reply All ilikataa kuvifanyia visa vya wengine. Kwa siku tatu nne watu walioisikiliza kwa miaka na watu wasiowahi kuisikia walipima, walihukumu, wakapita. Hakuna aliyepiga simu mara ya pili. Angekuwepo Vogt wa mwaka 2017 kukichimba kisa cha Vogt wa mwaka 2021, angetumia miezi, angewatafuta watayarishaji wadogo ambao hawakuwa na wafuasi, angemuuliza Eddings na kumsikiliza mpaka mwisho. Hadithi hiyo haijafanywa na mtu.

Yaliyobaki ni mafupi. Reply All ilirudi hewani Juni 2021, Goldman na Dzotsi wakiwa wawili. Vilikuwepo vipindi vizuri, lakini nyumba ilikuwa na mwangwi. Tarehe 23 Juni 2022 wakafunga, vipindi vikiwa vimekaribia 190. Blumberg na Lieber waliondoka Spotify mwaka huo. Juni 2023 Spotify ilipunguza wafanyakazi wapatao 200 katika idara ya podikasti na kuifuta Gimlet kama kampuni yenye jina lake, ikaichanganya na nyingine katika studio moja.

Watu wenyewe hawakunyamaza. Vogt na Pinnamaneni walianzisha Search Engine mwaka 2023. Goldman alianzisha Hyperfixed mwaka 2024, podikasti ya kutatua matatizo ya wasikilizaji, inayotegemea kwa sehemu kubwa michango ya wasikilizaji haohao badala ya kampuni ya muziki ya Sweden. Dzotsi alikwenda This American Life, mahali ambapo Blumberg alianzia.

Sehemu ya tatu na ya nne za The Test Kitchen hazijatoka mpaka leo.